Mwaka Tulipozika Mgomba

Mwezi uliopita kaka yangu Barasa alifariki katika nyumba yake ya kupanga pale Moi's Bridge, na mimi nikapewa kazi ya kwenda kijijini kwetu Matulo kumwambia baba. Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi nzito lakini ya kawaida. Kwangu ilikuwa balaa, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kumzika Barasa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, mchana kweupe, watu wakishuhudia, na kaburi lake liko mpaka leo nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi. Nilishuka Webuye nikaingia hotelini, nikaagiza chai, ikapoa, nikaagiza nyingine. Nina miaka karibu sitini, nimefundisha shule tatu, nimezaa watoto wanne, na niliogopa kama msichana aliyevunja chungu cha watu. Nilikuwa nakwenda kumwambia mzee wa miaka tisini na ushei kwamba mtoto aliyemzika alikuwa hai muda wote huo, kwamba mimi nilijua, na kwamba sasa amekufa kweli. Hofu hiyo ninaifahamu. Tulikutana nayo mwaka wa themanini na mbili, katika nyumba ya mzungu mmoja pale Kitale, na sidhani kama imewahi kuniacha kabisa.

Nyumba ya Madam Edna ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Endebess. Ilikuwa nyumba ya mbao ya walowezi wa zamani, imeinuliwa juu ya nguzo za mawe, na chini ya sakafu mlikuwa na nafasi ambamo kuku walikimbilia mvua ikinyesha. Madam alikuwa Mkanada. Alitufundisha taipu shuleni mpaka akastaafu, na badala ya kurudi kwao akabaki na paka wake wawili na redio. Nilipomaliza kidato cha nne alinipa chumba: mimi nipike, yeye aendelee kuniongezea kasi ya taipu. Chumba kile naweza kukitembea mpaka leo nikiwa nimefumba macho. Lakini jiko lake ndilo lililonishangaza. Mlangoni palikaa kopo la biskuti, na kabla ya gesi kuwashwa, kila mtu, awe mgeni, awe pasta, alitakiwa atumbukize humo pini za nywele, funguo, sarafu, chochote cha chuma. Chini ya sinki kulikuwa na kopo jingine, la mafuta yaliyobaki kwenye kikaango. Aliyachuja kwa kitambaa, akayafunika, na hayakutumiwa na mtu. Nilidhani bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Nilimheshimu hivyo hivyo, kwa sababu mkate wake ulikuwa mtamu.

Siku moja tukichambua maharagwe nilimuuliza. "Nekesa," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kitabu, "watu hudhani vita ni wanaume na bunduki. Kwetu vita viliingia jikoni." Akanieleza kwamba wakati wa vita vikuu vya pili, Wakanada walipovuka bahari kwenda kupigana, kina mama huko nyumbani waliwekewa kiasi cha sukari, kiasi cha siagi, na wakaambiwa wasimwage mafuta ya kukaangia, maana yalikusanywa nyumba hadi nyumba yakaenda kutengenezea baruti. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifanya kazi kiwandani, akijaza baruti ndani ya makombora, yeye na mamia ya wasichana, mpaka mikono ikageuka manjano na foronya ya mto wake ikashika doa la manjano. Langoni walipekuliwa pini, pete na viberiti, kwa kuwa cheche moja ingetosha kubomoa banda na wote waliomo. "Niliogopa kila siku, miaka mitatu," alisema. "Sasa siogopi tena, lakini mikono yangu inaogopa." Juu ya kabati la vyombo ilisimama picha ya kijana mwenye masikio makubwa, amevaa sare ya jeshi. Alikuwa Alfred, kaka yake. Aliipangusa vumbi kwa kitambaa, tukarudi kwenye maharagwe.

Halafu ikaja ile Jumapili ya Agosti, redio ikatangaza kwamba jeshi limechukua nchi, na jioni ikatangaza kwamba halikuchukua. Kaka yangu alikuwa mwanahewa, fundi wa injini wa jeshi la anga huko Nairobi, na jeshi hilo ndilo lililoasi. Asubuhi iliyofuata Mama Ciru, jirani yetu aliyetuletea maziwa, alikaa kwenye ngazi za jikoni na mtungi wake mapajani, akaanza. "Si mmesikia? Ati wanahewa wote wanatafutwa. Wamepita Kipsongo nyumba kwa nyumba, bana, hata chini ya kitanda ya mtu wanaangalia. Ukipatikana umeficha mmoja, hiyo ni kwisha." Aliniangalia. "Wewe uko na mtu huko?" Nikamwambia sina. Lilikuwa neno dogo, lakini baada ya kulitamka niligeukia beseni, nikaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Barasa alifika Jumatano mchana, amevaa koti la mpakiaji wa mahindi, miguu imevimba. Alikuja na lori. Alituambia hakushika bunduki. Aliamshwa alfajiri akaambiwa atie mafuta kwenye magari, akatia, na kufika saa nne akaona wenzake wanaanguka, akavua shati la sare akakimbia. Tulisimama jikoni sisi watatu, nami nilikuwa nikisubiri Madam aseme kijana aondoke. Mama Ciru alikuwa ametueleza vizuri adhabu yake. Madam alimtazama miguuni, akasema, "Weka funguo zako kwenye kopo," kisha akawasha gesi akamkaangia mayai. Barasa akatuapisha: tusimwambie mtu, hata baba. "Mzee hajui kudanganya," alisema. "Wakimuuliza, uso wake utawajibu." Tukaapa.

Walikuja wiki iliyofuata, askari wawili, saa tano asubuhi, nikiwa kwenye taipu. Madam alikuwa ameondoa mbao mbili chini ya zulia, na Barasa alikuwa huko chini kwa kuku, amelala chali. Askari walikuwa na adabu, hilo nitalisema. Waliangalia ghala, wakaangalia chumba changu, wakarudi sebuleni wakakubali chai. Kiti cha mkubwa wao kilikuwa juu kabisa ya zile mbao. Aliniuliza jina, kwetu, ndugu zangu wako wangapi, nikajibu, na kila alipobadilisha miguu ubao ulilia, na vumbi, nilijua, lilikuwa likishuka usoni mwa kaka yangu. Nilingoja apige chafya. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Hapo nikamwona Madam Edna akiinua mikono kichwani na kuanza kutoa pini za nywele, moja moja, akizipanga mezani kando ya sahani ya biskuti, huku akiwauliza kuhusu mvua. Alitoa saba. Nywele zake nyeupe zikamwangukia mabegani mbele ya wanaume wageni, wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Mkubwa akaona haya, akamaliza chai yake haraka, wakaaga.

Mwishoni mwa Agosti ikaletwa habari kutoka nyumbani. Jamaa yetu mmoja wa Nairobi alikuwa amefika Matulo akaapa kwamba alimwona Barasa ameanguka, na mwili haukupatikana. Baba alikuwa ameita wazee; mgomba utazikwa badala yake. Kwetu mtu akifa mbali na mwili ukakosekana, hukatwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likazikwa mahali pake ili roho isitangetange. Baada ya hapo jina lake haliitwi. Ikitokea yu hai, hakuna wa kumfuata wala kumwita. Lazima afike langoni kwa miguu yake mwenyewe, wazee wamtoe kwa wafu kwanza, ndipo aingie. Na kinachofunga yote ni wembe. Siku ya tatu watu wa damu yake hunyolewa, na ambaye hajanyolewa, kwake msiba huo haujakubaliwa. Nilipomweleza Madam haya, alikaa kitandani kwangu bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Tunakwenda," alisema. "Baba yako asizike."

Tulikwenda kwa pikapu yake. Uwanja wa Matulo ulikuwa umejaa. Wanawake wanapika, wazee wamekaa kwenye viti vya shule, na upande wa lango wageni wawili wa makoti, ambao hakuna aliyewajua kwa jina na kila mtu alijua wametumwa na serikali, wanakula nyama polepole. Shina la mgomba lilikuwa ndani, limefunikwa shuka jeupe, lina urefu wa Barasa. Nilipiga mayowe nilipoliona, na mayowe yale hayakuwa ya kuigiza. Madam aliomba kuonana na baba peke yake, wakaingia jikoni, kibanda cha nyuma chenye moshi, na mimi nikaingia kutafsiri. Aliongea Kiingereza, mimi nikatia Kibukusu, neno kwa neno, macho yangu yakiwa mlangoni.

Hakuvunja kiapo; alimwambia baba habari za Alfred. Kwamba alipelekwa Hong Kong na Wakanada wenzake, na siku ya Krismasi mji ukaanguka mikononi mwa Wajapani, kisha kimya. Mwaka ukapita bila jina lake kuonekana popote. Baba yao, aliyeshindwa kuvumilia kungoja, akafanya ibada ya mazishi kanisani na kuweka jiwe lenye jina la Alfred kwenye ua wa kanisa. Mama yao, kila jioni, aliandaa sahani ya Alfred mezani, na baba huyo huyo aliyeweka jiwe ndiye aliyekuwa akisogeza kiti chake. Karibu miaka mitatu. Vita vilipoisha Alfred akarudi, alikuwa mfungwa muda wote, mwepesi kama mtoto. Siku ya kwanza alitembea mpaka kanisani, akaliona jiwe. "Na sahani hakuna aliyemwambia," alisema Madam Edna. "Mama alidhani mimi nimemwambia. Mimi nilidhani mama. Aliishi miaka sita zaidi akijua kwamba tulimmaliza, na aliishi mbali nasi. Mwambie baba yako hivyo. Mwambie kila neno."

Nilimwambia kila neno. Baba alikuwa akitazama moto. Akauliza jambo moja tu. "Huyo Alfred, huko alikokuwa, alikuwa anapata chakula?" Nikatafsiri. Madam akajibu bila kufikiri: "Mwambie alikula. Ugali na maharagwe, na mayai asubuhi." Nikamwambia baba: ugali na maharagwe, na mayai asubuhi. Nilikuwa na hofu kiasi kwamba sikusikia nilichosema. Ugali, kwa Wajapani. Baba akainua uso, akamtazama mzungu yule muda mrefu, kisha akasema, "Mwambie asante. Lakini watu wamekwisha kuja, na wale wa makoti wanangoja." Akatoka. Hazikupita dakika kumi, wanaume wakaubeba mgomba, na baba yangu ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Nilimchukia. Nilisema moyoni: ameambiwa, ameelewa, na bado anaogopa midomo ya watu kuliko anavyompenda mtoto wake.

Madam alirudi Kitale jioni hiyo hiyo kuwalisha kuku wake, kama alivyowaambia watu. Mimi nikabaki mpaka siku ya tatu. Nyanya mmoja wa ukoo alitunyoa mmoja mmoja pale uwanjani, na wembe ulipopita utosini mwangu nilihisi kwamba ninamwua kaka yangu kwa mkono wangu. Zamu ya baba ilipofika, alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. "Nina jipu," alisema. "Mtaninyoa likipona." Mjomba akanung'unika kwamba haijawahi kuonekana, mzazi kuacha wembe wa mwanawe. Baba akasema, "Nimesema nina jipu," akaingia ndani. Niliyaona haya kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, kichwa kikiniwasha, na nilichofikiria ni kwamba hata maumivu ya wembe hakutaka kumpa.

Barasa alikuwa mezani jikoni niliporudi Kitale. Nilivua kitambaa, akaona kipara changu, akajua. Alijishika kichwa chake mwenyewe. "Mmemaliza," alisema. Kisha: "Na mzee?" Hapo ndipo ningesema. Ningesema mzee ana jipu, na mtu yeyote aliyezaliwa Matulo angeelewa mara moja. Lakini nilikuwa mtoto wa miaka kumi na saba aliyejaa hofu na hasira, nikasema: "Mzee ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Na alikuwa ameshaambiwa." Barasa akamalizia uji wake. Madam Edna alinikuta baadaye nikianua nguo. "Umemwambia kila kitu ulichokiona?" Nikasema, "Ndiyo, Madam." Niliamini ni kweli.

Siku chache baadaye Barasa alikwenda Moi's Bridge, akapata kazi kwenye mashine ya kusaga posho, akajiita jina jingine, akaoa kwa jina hilo. Madam alirudi kwao miaka michache mbele na akafia huko. Serikali ilibadilika, waliotafutwa wakawa hawatafutwi tena, na mimi nikamwambia Barasa arudi nyumbani. Nilimwambia mara nyingi. Alikuwa akijibu kwa upole, akipangusa mikono yake yenye unga: "Nimezikwa na mzee mwenyewe, Nekesa. Nitarudi kwa nani?" Na kila nilipokwenda Matulo, baba aliniuliza swali moja kabla hajauliza habari za watoto wangu. "Mahindi ya Moi's Bridge yanaendeleaje?" Alikuwa na mahindi yake mwenyewe, ekari mbili, yanaonekana mlangoni. Nilimjibu: yamechelewa, yamependeza, yameliwa na viwavi. Alitikisa kichwa na kuniuliza tena mwezi uliofuata. Nilidhani ni uzee.

Basi nikamaliza chai yangu ya pili pale Webuye, nikaenda. Baba alikuwa kwenye kiti chake uani, na kofia ya sufu kichwani. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilisema tu, "Papa, nimetoka Moi's Bridge." Hakuniuliza mahindi. Aliuliza, "Aliugua siku nyingi?"

Nikalia nikiwa pale pale chini. Yeye akaongea, polepole, kwa pumzi ya mzee. Kwamba yule mzungu alimwambia ugali na maharagwe, akajua mtoto yu hai na anakula. Kwamba wale wa makoti wasingeacha kutafuta mpaka waone kaburi. Kwamba miaka mingi baadaye alikwenda soko la Moi's Bridge, akaona mgongo wa mtu kwenye mashine ya kusaga. "Mgongo nilioubeba nitakosaje kuujua?" alisema. "Nilisimama, nikarudi. Aliyezikwa haitwi. Nilikuwa nangoja aje."

Tulimleta Barasa Jumamosi. Wazee walimtoa kwa wafu pale langoni, jeneza likiwa chini, kisha wakamwingiza. Walichimba kaburi lile lile. Mgomba ulikuwa umegeuka udongo mweusi, hata uzi wa shuka haukuonekana. Siku ya tatu wembe ulipoletwa, kila mtu alimwangalia baba, na mjomba, ambaye naye ni kikongwe sasa, alianza kusema neno akaliacha. Baba akavua kofia. "Anzeni na mimi," alisema, "na aninyoe Nekesa."

Nilimpaka maji. Nywele zake ni laini na chache, zinatoka bila nguvu. Nilikuwa nimefika utosini alipouliza, kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Ulimwambia, siyo? Kwamba sikunyoa."

Wembe ulikuwa juu ya ngozi yake. Niliogopa kuliko siku ile ya askari, na nilijua kwamba neno moja, ndiyo, lingempa mzee huyu usingizi mpaka siku yake ya mwisho. "Sikumwambia, Papa," nikasema. "Niliona, na sikumwambia."

Mabega yake yalishuka. Alikaa hivyo, mikono magotini, maji yakimtiririka nyuma ya masikio, na watu wote wakingoja bila kujua wanangoja nini. Kisha akainamisha kichwa zaidi, akanisogezea.

"Endelea," alisema. "Umeacha hapa nyuma."